Mikazo baki kwenye nguzo ya chuma: kwa nini modeli yako haikuiona

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Natengeneza modeli ya nguzo moja ya chuma kwa elementi fainaiti, na ndiyo mara yangu ya kwanza kufanya uchambuzi unaoingiza kulegea kwa chuma (mkazo ukizidi kiwango chake, chuma hakirudi tena umbo la awali) pamoja na kasoro za umbo. Nguzo ni HEB 200, chuma S355 (kinacholegea kwenye MPa 355), urefu mita 9, pini juu na chini. Nimetumia elementi za sheli, nne kwa upana wa kila flanji. Nguzo nimeipinda kwa L/200 (L ni urefu) kuelekea upande dhaifu, kama jedwali la Eurocode 3, kanuni ya Ulaya ya majengo ya chuma, linavyotaka kwa kurva c (moja ya kurva zake zinazoonyesha uwezo wa nguzo unavyopungua kwa wembamba), kisha nikaweka mikazo baki (ile inayobaki ndani ya chuma tangu kiwandani, bila mzigo) ya MPa 117.5 kwa mpangilio wa pembetatu. Mzigo wa mwisho umeshuka kwa chini ya asilimia 2. Je, nimeiweka vibaya, au mikazo baki ni habari ya vitabuni tu? Na mpangilio huo ndio sahihi?

Jibu: Ndugu yangu, mpangilio uliouchagua unafaa kwa nguzo hiyo, na mikazo baki si habari ya vitabuni. Tatizo ni kwamba modeli yako imezibwa macho mara tatu. Nguzo ni ndefu mno kiasi kwamba mikazo baki haina nafasi kubwa ya kufanya kazi. Mpindo wa kuanzia uliouweka tayari umeibeba mikazo hiyo ndani yake. Na flanji yako ina elementi chache hadi kilele cha mkazo kimepotea njiani. Kila moja peke yake ingetosha kukupotosha, na wewe unazo zote tatu.

Turudi kwanza pale mikazo inapozaliwa, maana ukielewa hapo utaweza kukisia umbo lake hata bila jedwali. Chuma cha umbo la H kinapotoka kwenye roli za kiwanda bado ni chekundu kwa joto. Ncha za flanji zimezungukwa na hewa pande tatu, kwa hiyo zinapoa mapema. Pale flanji inapokutana na webu, yaani ukuta wa kati, chuma ni kinene na kimejificha, kwa hiyo joto linakawia. Ncha zinapopoa na kusinyaa, chuma cha kwenye makutano bado ni laini na kinakubali kubanwa bila kubisha. Baadaye zamu ya makutano kupoa inafika. Nayo yanataka kusinyaa, lakini sasa ncha zimeshakuwa ngumu na zinayazuia. Makutano yanabaki yamevutwa, ncha zinabaki zimegandamizwa. Katikati ya webu, palipo pembamba, hupoa mapema kama ncha, na mara nyingi huishia kwenye mgandamizo pia.

Yote haya yanatokea bila mtu kuigusa nguzo. Ni kama timu mbili zinazovutana kamba kwa nguvu sawa: kamba imekaza kweli, ila haiendi popote. Ukikata nguzo mahali popote na kujumlisha nguvu za mkato mzima, jumla lazima iwe sifuri, na momenti kwa mihimili yote miwili iwe sifuri. Sharti hili ndilo kipimo cha kwanza cha modeli yoyote ya mikazo baki, na nitalirudia mbele.

Sasa tuangalie HEB 200 yako kwa karibu. Kina ni mm 200, upana wa flanji mm 200, unene wa flanji mm 15, webu mm 9, eneo la mkato mm² 7808. Uwiano wa kina kwa upana ni 1.0. Mpangilio wa ECCS (jumuiya ya Ulaya ya ujenzi wa chuma) wa mwaka 1984, ambao ndio uliotumia, unasema kwa maumbo ambayo uwiano huo hauzidi 1.2, chukua nusu ya MPa 235, yaani 117.5: mgandamizo kwenye ncha za flanji na katikati ya webu, mvutano kwenye makutano, na mstari ulionyooka kati yao. Kwa maumbo marefu zaidi ya hapo kipimo kinashuka hadi 0.3 ya 235, yaani MPa 70.5.

Anza kuweka mzigo wa mgandamizo. Ncha zina MPa 117.5 tayari kabla hujaanza. Kwa hiyo mkazo wa wastani ukifika 355 ukitoa 117.5, yaani MPa 237.5, ncha zinalegea. Hiyo ni asilimia 67 tu ya kiwango cha kulegea. Kwenye karatasi nguzo ina uwezo wa kN 2772 kabla ya kulegea yote, lakini ncha zinaanza kulegea kwenye kN 1854. Kuanzia hapo chuma cha ncha hakisaidii tena kukataa kupinda.

Endelea kidogo. Tuseme umeibana nguzo hadi ufupisho wake ulingane na MPa 300 za chuma ambacho hakijalegea. Kila sehemu yenye mgandamizo baki unaozidi MPa 55 imeshalegea. Mkazo baki unabadilika kutoka −117.5 hadi +117.5 ndani ya mm 100 za nusu flanji, kwa hiyo unapungua kwa MPa 2.35 kila milimita. Sehemu iliyolegea ni kama mm 26.6 kutoka kila ncha. Flanji iliyokuwa na mm 200 imebaki na mm 146.8 zinazofanya kazi, ambazo ni asilimia 73.

Hapa ndipo utamu wa jambo ulipo. Kwa mhimili wenye nguvu, ukakamavu wa flanji unafuata upana wake moja kwa moja, kwa hiyo flanji inabaki na asilimia 73 ya mchango wake. Kwa mhimili dhaifu unafuata upana kwa kipeo cha tatu. Kipeo cha tatu cha 0.73 ni kama 0.40. Umepoteza robo ya upana, ukakamavu wa upande dhaifu umeondoka kwa asilimia 60. Mkazo baki ni uleule, chuma ni kilekile, ila madhara yanatofautiana kiasi hicho kwa sababu tu chuma kinacholegea kwanza ndicho kilicho mbali zaidi na mhimili dhaifu. Ndiyo maana Eurocode 3 inaipa HEB 200 kurva b kwa upande wenye nguvu na kurva c kwa upande dhaifu. Anayedhani tofauti ya kurva hizo ni tahadhari za wanakamati akae chini apige hesabu hiyo mwenyewe.

Wazo hili si jipya. Katika miaka ya 1940 na 1950 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, walikuwa wakikata vipande vya chuma na kupima mikazo yake, wakaonyesha kwamba nguzo za urefu wa kati zinashindwa mapema kuliko nadharia ya zamani ilivyotabiri, na kwamba mikazo baki ni sababu kubwa. Kabla ya hapo lawama zilitupiwa kutonyooka kwa nguzo na mzigo kutokaa katikati.

Nimesema urefu wa kati, na hapo ndipo nguzo yako ya mita 9 inapoponyoka. Nusu kipenyo cha mzunguko cha HEB 200 kwa upande dhaifu ni mm 50.7. Mita 9 gawanya kwa hiyo ni 177.5, nao ndio wembamba wa nguzo. Mkazo wa Euler (ule ambao nguzo iliyonyooka kabisa na isiyolegea ingehepa pembeni) kwa wembamba huo, ukichukua moduli ya unyumbufu ya MPa 210 000, ni takriban MPa 66. Yaani nguzo yako inataka kuhepa pembeni mkazo wa wastani ukiwa haujafika hata theluthi ya zile MPa 237.5. Mkazo wa kupinda unaongezeka juu yake, ndiyo, na ncha za upande wa ndani zitalegea mwishoni, kwa hiyo athari si sifuri. Lakini nguzo inashindwa kwa sababu ni nyembamba. Mikazo baki inafika karamu ikiisha.

Upande wa pili wa kipimo nako kuna ukimya. Nguzo fupi sana inabanwa hadi mkato wote unalegea. Sehemu zilizoanza na mgandamizo zinalegea mapema, zilizoanza na mvutano zinachelewa, mwisho wote zinafika 355 na jumla ni ileile. Kwa hiyo mikazo baki haipunguzi uwezo wa mwisho wa kipande kifupi, wala momenti kamili ya bimu iliyozuiwa isihepe na isiyo na mabamba membamba. Kinachobadilika ni njia ya kufika huko: mchoro wa mzigo na ufupisho unaanza kujikunja mapema.

Kati ya hizo mbili ndipo pa kutazama. Chukua wembamba wa kulinganisha wa 1.0, ambapo mkazo wa Euler ni sawa na kiwango cha kulegea. Kwa HEB 200 ya S355 upande dhaifu, hiyo ni nguzo ya karibu mita 3.9. Hapo kurva a inatoa kipunguzo cha 0.666, kurva b 0.597, kurva c 0.540. Kutoka a hadi c umepoteza asilimia 19. Kwenye wembamba wa 0.2 kurva zote zinatoa 1.0, na kwenye 2.0 a inatoa 0.223, c inatoa 0.196, pengo la asilimia 12. Pengo hilo si la mikazo baki peke yake, lakini umbo lake linakuonyesha inakochachamaa.

Sasa mpindo wako. L/200 kwa mita 9 ni mm 45. Tazama nguzo halisi kutoka kiwandani: haipindi hivyo, na ingepinda hivyo ingerudishwa. Namba hiyo ya jedwali, katika toleo la EN 1993-1-1 la mwaka 2005, si kipimo cha kutonyooka. Ni mpindo wa kubuni uliokuzwa makusudi ili ubebe kutonyooka, mikazo baki na mengineyo kwa mkupuo mmoja, kwa ajili ya mtu anayefanya uchambuzi bila kuingiza mikazo baki kabisa. Kwa kurva c ni L/200 ukifanya uchambuzi wa unyumbufu na L/150 ukiruhusu mkato kulegea wote. Ukiweka mpindo huo halafu ukaongeza mikazo baki, umemtoza mteja mara mbili. Tena mpindo mkubwa kiasi hicho unatawala tabia yote, mikazo baki inakosa pa kujionyesha.

Chagua njia moja. Ama mpindo wa kubuni bila mikazo baki, ama mikazo baki kamili pamoja na mpindo wa kweli. Kwa njia ya pili desturi ni L/1000 yenye umbo la nusu wimbi la sini, na ndiyo iliyotumika kwenye hesabu zilizosindikiza kurva za Ulaya. Kwa nguzo yako ni mm 9. Wamarekani wanaofuata kanuni za AISC, taasisi yao ya ujenzi wa chuma, wana mlango wa tatu: wanapunguza ukakamavu wote kwa 0.8, na mzigo ukizidi nusu ya ule wa kulegeza mkato mzima wanazidisha tena ukakamavu wa kupinda kwa kipunguzo cha 4(P/Py)(1 − P/Py), P ikiwa mzigo na Py ule wa kulegeza mkato mzima. Kanuni hiyo inadhania kulegea kunaanza kwenye nusu ya kiwango, yaani mikazo baki ya 0.5fy (fy ni kiwango cha kulegea). Ukishautumia mlango huo, usiongeze mikazo baki.

Sababu ya tatu, elementi. Mkazo wa mwanzo kwa kawaida unawekwa thamani moja kwa kila elementi, ile ya katikati yake. Una elementi nne kwa upana wa flanji, yaani mbili kwa nusu. Ya nje ina upana wa mm 50, katikati yake iko mm 25 kutoka ncha, na mkazo wa hapo ni −117.5 jumlisha 2.35 mara 25, sawa na −58.75. Umepata nusu ya kilele! Ulidhani umeweka 117.5, mashine imeona 58.75, na kulegea kunaanza MPa 296 badala ya 237.5. Ukiweka elementi nne kwa nusu flanji unapata robo tatu ya kilele, nane unapata 88 kwa mia. Mimi sishuki chini ya nane kwa nusu flanji, yaani 16 kwa flanji nzima, isipokuwa programu inaniruhusu kuandika mkazo kwenye kila pointi ya hesabu ndani ya elementi, hapo zinatosha chache zaidi. Kwenye Abaqus hilo linawezekana kwa sabrutini ya mtumiaji iitwayo SIGINI; kwenye Ansys amri ya INISTATE inafanya kazi inayofanana.

Kuhusu namna ya kuiingiza, njia ya moja kwa moja ni hiyo uliyotumia: mkazo wa mwanzo. Baada ya kuuandika, weka hatua ya kwanza isiyo na mzigo wowote, iache programu itafute usawa. Hatua hiyo watu wanaipita haraka, na ndiyo inayokuambia ukweli. Mpangilio ukiwa na usawa, nodi hazisogei kwa kiasi cha kuonekana na mikazo ya katikati ya urefu inabaki karibu na ulivyoiandika. Ukiona nguzo imejipinda au imefupika yenyewe, kuna jumla isiyo sifuri mahali. Mara nyingi kosa ni la ishara, au mhimili wa ndani wa elementi za webu umeelekea upande tofauti na wa flanji, kwa hiyo mkazo uliodhani ni wa urefu umelala kiupana. Chora ramani ya mkazo wa urefu kwa rangi, uitazame kwa macho kabla ya kuweka mzigo. Dakika hiyo moja inaokoa wiki.

Miishoni pa nguzo usitegemee ramani iwe nzuri. Uso huru hauwezi kubeba mkazo unaoutokea kwa wima, kwa hiyo mikazo baki inakufa karibu na mwisho na kujengeka tena ndani ya umbali unaokaribia kina cha mkato. Ukiwa umefunga mwisho kwa bamba gumu hutaliona sana. Kwa nguzo ya kuhepa katikati halina madhara.

Njia ya pili ni ya joto, naipenda kwa programu zisizoruhusu mkazo wa mwanzo. Chuma kikipashwa digrii moja huku kimezuiwa kinapata mgandamizo wa takriban MPa 2.5. Kwa 117.5 unahitaji kama digrii 47. Pasha ncha za flanji na katikati ya webu kwa digrii 47, poza makutano kwa digrii 47, katikati yao mstari ulionyooka, na mikazo itajitokeza yenyewe. Faida yake ni kwamba usawa ni wa lazima. Programu haiwezi kukupa kitu kisicho na usawa. Hasara ni hiyohiyo: mpangilio wako ukiwa na kasoro, itausogeza kimyakimya na utapata namba tofauti na ulizokusudia bila onyo lolote. Hakikisha ncha moja ya nguzo iko huru kurefuka wakati wa hatua hiyo, na kwamba sifa za chuma hazibadiliki kwa joto katika faili lako.

Kwa fremu nzima yenye nguzo nyingi, sheli ni gharama ya bure. Tumia elementi za bimu zenye mkato uliogawanywa nyuzi nyuzi, kila uzi na mkazo wake wa mwanzo. Programu ya OpenSees ina InitStressMaterial kwa kazi hiyo. Hapo kagua jumla kwa mkono, maana nyuzi zisizo sawa zitakuzalia nguvu ya bure kwenye nguzo, na ukiwa na fremu iliyozuiliwa nguvu hiyo inatembea hadi kwenye jirani zake.

Kuna pia njia ya kuiga mchakato mzima, kupoa au kuchomelea, joto kwanza kisha mkazo, kwa chanzo cha joto kama kile cha duaradufu mbili alichokipendekeza Goldak na wenzake mwaka 1984. Ni kazi nzuri kwa anayetafiti kiungo kimoja. Kwa nguzo ya kawaida usijitese. Utatumia siku nyingi kupata namba zenye mashaka zaidi ya zile za mpangilio rahisi.

Umeuliza kama mpangilio wa pembetatu ndio sahihi. Kwa umbo la roli za moto, ndiyo, unatosha. Wengine wanatumia ule wa Galambos na Ketter wa mwaka 1959: ncha 0.3fy, mstari hadi makutano, webu yote kwenye mvutano mmoja. Mvutano huo unatokana na usawa: kwa HEB 200, eneo la flanji moja ni mm² 3000, la webu mm² 1530, kwa hiyo mvutano ni 3000 gawanya kwa 4530 mara ule wa ncha, kama asilimia 66 yake. Angalia tofauti moja yenye uzito: huyu anapima kwa fy ya chuma chako, ECCS anapima kwa 235 siku zote. Msimamo wa ECCS naukubali zaidi, kwa sababu mikazo ya kupoa inategemea joto na umbo, haina sababu ya kupanda sambamba na nguvu ya chuma. Kumbuka pia kwamba vyuma vingi hunyooshwa kwa roli baada ya kupoa, na kunyoosha huko kunavuruga mpangilio. Ukiona vipimo halisi vimekaa ovyo, upande mmoja wa flanji haufanani na mwingine, hakuna aliyekosea kupima.

Nguzo ya mabamba yaliyochomelewa ni mnyama mwingine. Usiibebeshe pembetatu. Karibu na mshono chuma kinabaki kwenye mvutano unaofika fy yenyewe, katika ukanda mwembamba, na sehemu iliyobaki inabeba mgandamizo wa kusawazisha. Ukiwa na flanji ya mm 300 na ukanda wa mvutano wa mm 60, mgandamizo wa hizo 240 zilizobaki ni robo ya fy. Uliza pia kingo zilikatwaje. Kingo za gesi zinaacha mvutano kwenye ncha, na ncha zenye mvutano zinachelewa kulegea, jambo linaloinufaisha nguzo upande dhaifu. Bamba lililotoka na kingo zake za roli lina mgandamizo hapo. Nguzo mbili za vipimo vilevile, mashine tofauti ya kukatia, uwezo tofauti.

Vyuma vyembamba vilivyokunjwa baridi vina mkazo unaobadilika ndani ya unene, mvutano uso mmoja na mgandamizo uso mwingine, wastani wake mdogo. Kuna mtego hapo: ukikata kipande cha majaribio kutoka kwenye chuma hicho kinajikunja, na mashine ya kuvuta inakinyoosha tena. Kunyoosha huko kunarudisha mkazo baki wa kupinda, kwa hiyo mchoro uliotoka maabara tayari una athari yake. Ukitumia mchoro huo na kuongeza mkazo baki wa unene, umerudia kosa la kulipia mara mbili.

Mambo mawili ya pembeni. Kama unatafuta umbo la mpindo kwa uchambuzi wa mzigo hatarishi, ufanye kwanza bila mikazo baki, ndipo uichanganye. Na usipime mikazo baki kwa modeli ya unyumbufu mtupu ukitarajia nguzo kuhepa mapema; bila kulegea, mkazo wenye jumla ya sifuri hauna pa kuuma, isipokuwa kwenye kujisokota, ambako unaweza kuongeza au kupunguza ukakamavu wa kujisokota wa mkato ulio wazi.

Fanya hivi. Chukua modeli yako, ifupishe iwe mita 3.9, mpindo L/1000 upande dhaifu, elementi 16 kwa flanji, chuma S355 chenye kulegea. Iendeshe mara mbili, bila mikazo baki na pamoja nayo. Tofauti utaiona wazi, huhitaji kukodoa macho. Ile yenye mikazo baki ilinganishe na 0.540 mara kN 2772, karibu kN 1500. Isikushangaze ikikaa juu kidogo, kwa sababu kurva zilifitishwa kwa upande wa usalama wa majaribio mengi. Ikikaa chini sana, rudi kwenye ishara na mihimili ya elementi. Ikitoka sawa, rudisha mita 9 na ukubali kwamba mabadiliko ni madogo, sasa kwa sababu inayojulikana.

Na mradi ukihamia S460, usikuze zile 117.5. Ncha zitaanza kulegea kwenye MPa 342.5, asilimia 74 badala ya 67, na utaona kwa nini Eurocode 3, toleo la 2005, inaihamisha HEB 200 ya chuma hicho hadi kurva a kwa mihimili yote miwili.